Kiyoyozi cha Karatasi

Kiyoyozi cha kisasa hakikubuniwa kwa ajili ya watu. Mwaka 1902 kiwanda cha uchapaji cha Sackett & Wilhelms kule Brooklyn, New York, kilikuwa na tatizo la karatasi. Picha za rangi zilichapwa kwa kupitisha karatasi ileile mashineni mara kadhaa, kila rangi na zamu yake, na hewa ya kiangazi ilipojaa unyevu karatasi ilitanuka kati ya zamu moja na nyingine. Nyekundu ikaangukia pembeni mwa njano. Kazi ikapelekwa kwa kampuni ya Buffalo Forge, na mhandisi wao wa miaka 25, Willis Carrier, akachora mtambo wa kupitisha hewa kwenye mabomba ya baridi ili unyevu ubaki kwenye asilimia 55. Michoro ina tarehe 17 Julai 1902. Ubaridi walioupata wafanyakazi ulikuwa nyongeza.

Habari hii imenikaa kichwani kwa sababu chumba ninachosomea majalada ya tasnifu yangu, katika ofisi moja ya umma jijini Dar es Salaam, nacho kimewekewa kiyoyozi kwa ajili ya karatasi. Majalada mengi ni ya miaka ya 1950. Mengine yamepigwa taipu kwenye karatasi nyepesi inayokatika ukiikunja mara mbili. Jengo lenyewe lilijengwa kupokea upepo: dari liko juu, juu ya kila mlango kuna matundu, na upande wa bahari kuna veranda. Kiyoyozi kilipofungwa, matundu yakazibwa kwa plaiwudi ili baridi isitoke, na madirisha yakapigwa misumari. Ndiyo maana kiyoyozi kikifa, chumba hakirudi kuwa kama zamani. Kinakuwa kibaya kuliko zamani.

Kilikufa Februari. Siku ya tatu pembe za karatasi zilianza kujikunja, na siku ya tano jalada moja nililolihitaji sana lilikuwa na harufu ya ukungu. Ofisini walisema fedha ya kiyoyozi kipya itaombwa kwenye bajeti ijayo. Fedha ya fundi ilikuwepo.

Fundi alikuja na begi moja. Kichwa cha nje kilikuwa kikinguruma sekunde chache kisha kinakata. Alizima umeme, akafungua bati la ubavuni, akanionyesha kapasita: mkebe wa urefu wa kiganja, kichwa kimevimba kama kopo la maziwa lililoharibika. Kazi yake ni kuipa kompresa msukumo wa kuanza kuzunguka na kuisaidia inapoendelea. Hakuishika kwa mkono hadi alipoimaliza umeme wake, maana kapasita huweza kubaki na umeme hata swichi ikizimwa. "Mikrofaradi zilingane," aliniambia. "Volti zinaweza kuzidi, zisipungue."

Nilifuatana naye Kariakoo kuinunua. Kwenye maduka ya spea unaiona historia ya viyoyozi ambayo haimo kwenye matangazo ya kampuni. Huko huulizwi sana jina la mashine. Unaulizwa kipimo: mikrofaradi ngapi, feni inazungukia upande gani, shafti ina unene gani. Kuna bodi za kuingia kwenye kiyoyozi chochote, zikiuzwa pamoja na rimoti yake, kwa hiyo mashine yenye jina la Kijapani kifuani inaweza kuwa na ubongo wa kiwanda kingine na feni ya kiwanda cha tatu. Wanahistoria wa teknolojia wanapenda kuandika juu ya wavumbuzi. Mimi naona maisha marefu ya mashine huku kwetu yameandikwa na watu wanaojua kipi kinaingiliana na kipi.

Kapasita ilirudisha baridi kwa wiki moja. Kisha barafu ikaanza kuganda kwenye bomba jembamba, na fundi alipofunga geji akatikisa kichwa. Gesi ilikuwa imepungua. Hapa niseme jambo ambalo wengi tunadanganywa: gesi ya kiyoyozi hailiwi kama petroli. Inazunguka ndani ya mabomba yaleyale miaka yote. Ikipungua, imevuja, na anayekuja kujaza kila mwaka bila kutafuta tundu anakuuzia ugonjwa uleule.

Kibandiko cha mashine kilisema R-22, na hilo ndilo lililokuwa tatizo kubwa. Kapasita unaipata dukani kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wachache. Gesi ile ina ratiba ya kufa.

Mashine za mwanzo za baridi zilitumia amonia, dioksidi ya salfa na gesi nyingine ambazo zikivuja ndani zinaua. Mwaka 1928 Thomas Midgley, mkemia aliyekwisha kuipatia dunia petroli yenye risasi, alitafuta na wenzake gesi isiyoua wala kuwaka. Mwaka 1930 aliivuta kifuani mbele ya wanakemia wenzake, kisha akaipuliza juu ya mshumaa ukazimika. Ilikuwa kweli salama chumbani. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za ukoo ule hufika juu angani na klorini yake ikaharibu ozoni, na mwaka 1985 watafiti wa Uingereza wakatangaza kupungua kukubwa kwa ozoni juu ya Antaktika. Mkataba wa Montreal ulifuata mwaka 1987. R-22, gesi ya viyoyozi vingi vya vyumbani, ina madhara madogo zaidi kwa ozoni, kwa hiyo ilipewa muda mrefu zaidi. Lakini kilo moja ikitoroka hupasha dunia joto kama kilo zipatazo 1,800 za hewa ukaa.

Kwa nchi zinazoendelea ratiba ni hii: kupunguza asilimia 35 ifikapo 2020, asilimia 67.5 ifikapo 2025, na asilimia 97.5 ifikapo 2030. Ile 2.5 iliyobaki, kwa wastani wa kila mwaka, imeachwa hadi 2040 kwa ajili ya matengenezo. Niliposoma kifungu hicho nilisimama kidogo. Katikati ya lugha ya wanadiplomasia, mtu alikumbuka kwamba kuna mashine zitakazokuwa bado ukutani na fundi atakayeitwa.

Kubadilisha gesi si kama kubadilisha chapa ya sabuni. R-410A, iliyorithi nafasi ya R-22, ina shinikizo kubwa zaidi kwa takriban asilimia 60 na inataka oili nyingine kwenye kompresa. Ukiitia kwenye mashine ya R-22 unaiua. Hata hiyo nayo imekwisha kuwekewa ratiba. Oktoba 2016, baada ya mazungumzo ya usiku kucha, wajumbe walikubaliana mjini Kigali kupunguza gesi za kundi lake, kwa sababu haziharibu ozoni lakini zinapasha joto.

Karani mmoja alikuwa amesikia njia rahisi: gesi ya jamii ya propani, ambayo shinikizo lake linakaribiana na la R-22. Ni kweli inapoza, tena vizuri. Fundi aliangalia rafu, akaangalia plaiwudi, akaangalia madirisha yaliyopigwa misumari. "Hii inawaka, bosi. Mashine haikutengenezwa kwa ajili yake. Humu ndani kuna nini zaidi ya karatasi?" Akakataa, na kukataa huko kulimgharimu siku mbili za kazi. Alikusanya gesi iliyobaki kwenye mtungi mtupu, akajaza naitrojeni, akapaka povu la sabuni kwenye viungo hadi vipovu vikatokea nyuma ya kichwa cha nje, mahali chumvi ya bahari ilipokula bomba la shaba. Akalikata, akachomelea kipande kipya, akavuta hewa yote kwa pampu kwa muda mrefu kuliko uvumilivu wa karani, ndipo akarudisha R-22 akiipima kwenye mizani.

Nilimuuliza itadumu muda gani. Alisema bomba litadumu. Koili hajui, chumvi haina likizo. Kisha akaomba kalamu yangu ya wino mzito, akaandika ndani ya bati aina ya gesi, uzito alioutia, ukubwa wa kapasita na tarehe, ili fundi atakayekuja baada yake asianze kubahatisha.

Ombi la kiyoyozi kipya limo ndani ya jalada, bado halijasainiwa. Jalada lenye ukungu tumelitandaza mezani, ukurasa mmoja mmoja, na kurasa 40 za mwanzo zinasomeka.