Kujibizana kwa Mashairi: Mvita na Lamu

Desturi ya watu wa pwani kushindana kwa mashairi katika mambo ya utawala ni ya zamani, na mfano wake bora twaupata Mvita na Lamu, mwanzoni mwa karne ya 19. Mvita walitawala Mazrui, na mshairi wao alikuwa Muyaka bin Haji. Lamu alikuwako Bwana Zahidi Mgumi. Lugha yao moja na dini yao moja, bali kila mmoja aliutetea mji wake.

Shairi likienda, jibu hurudi. Naye mwenye kujibu hana ruhusa ya kusema ovyo: desturi yamtaka kulishika neno la mwenziwe na kulifumbua, ndipo alipinge. Asiyefahamu fumbo hawezi kujibu. Hivyo ushindani wenyewe humfundisha mtu kumsikiliza mpinzani wake.

Hatusemi ya kuwa mashairi yalizuia vita. Yapata mwaka 1812 watu wa Mvita na Pate waliwashambulia watu wa Lamu huko Shela, wakashindwa. Kisha Lamu wakamwomba Seyyid Said ulinzi, na mwaka 1837 utawala wa Mazrui Mvita ukakoma.

Lakini maneno hayakukoma. Mashairi ya Muyaka yalipigwa chapa mwaka 1940, na mwaka 1995 yale ya vita hivyo, ya pande zote mbili, yakatolewa katika kitabu kimoja. Nasi twaona kuwa ndivyo ipasavyo, kwani amsomaye mmoja bila mwenziwe hamfahamu hata huyo mmoja.