Jinsi ya kutambua na kudhibiti hatari za kisaikolojia kazini

MASHINE isiyo na kinga huonekana kwa macho, na mkaguzi anaweza kuamuru izimwe papo hapo. Ni vigumu zaidi kuonyesha kwa kidole hatari inayomkabili bawabu anayekesha langoni kwa saa 12 bila wa kumpokea, au muuguzi aliyeachiwa wodi nzima usiku akiwa peke yake.

Hatari za aina hii wataalamu huziita za kisaikolojia na kijamii. Hazihusu udhaifu wa mfanyakazi bali namna kazi yenyewe ilivyopangwa: shughuli zinazopita uwezo, majukumu yasiyoeleweka, dhuluma na matusi, kushuhudia mambo ya kutisha, au hofu ya kufutwa wakati wowote.

Mnamo 1979, mtafiti wa Marekani Robert Karasek alieleza kwamba kinachodhuru zaidi ni wingi wa kazi unapoambatana na kunyimwa usemi kuhusu jinsi ya kuifanya. Ndiposa karani anayehesabiwa hata dakika za kwenda msalani huweza kuathirika kuliko meneja wake, ingawa aghalabu meneja ndiye husikika akilalamikia uchovu.

Madhara yake hayaishii akilini. Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Kazi Duniani (ILO) yalikadiria mwaka wa 2021 kuwa kufanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki kulichangia vifo 745,000 mnamo 2016, kutokana na kiharusi na maradhi ya moyo.

Nchini Kenya, suala hili lilijitokeza waziwazi katika kesi za wasimamizi wa maudhui jijini Nairobi, vijana waliokuwa wakitazama picha na video za mauaji na ukatili ili kuziondoa kwenye Facebook. Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini, alishtaki kampuni za Meta na Sama mnamo 2022. Wenzake 185 walifuata mwaka wa 2023. Ripoti za kimatibabu zilizowasilishwa mahakamani zilionyesha kwamba zaidi ya 140 kati yao walikuwa na maradhi ya akili yanayosababishwa na kiwewe. Meta ilidai kuwa mahakama za Kenya hazina mamlaka juu yake, hoja ambayo Mahakama ya Rufaa iliikataa Septemba 2024.

Mwajiri anayetaka kuzitambua hatari hizi mapema hana haja ya kungoja kesi. Daftari la mahudhurio humwambia mengi. Iwapo idara moja ina ruhusa nyingi za ugonjwa, au watu wanajiuzulu mmoja baada ya mwingine chini ya msimamizi yule yule, hapo pana la kuchunguzwa. Ajali ndogo ndogo na makosa yanayoongezeka kuelekea mwisho wa zamu ni dalili nyingine.

Maswali huulizwa kwa karatasi zisizo na majina, kwani ni wachache watakaomtaja msimamizi mkali huku akiwa amesimama mlangoni. Asasi ya usalama kazini ya Uingereza, HSE, ilichapisha mwaka wa 2004 mambo sita ya kupimwa: mzigo wa kazi, usemi wa mfanyakazi, msaada anaopata, mahusiano, uwazi wa majukumu na jinsi mabadiliko yanavyoendeshwa.

Katika kudhibiti, kosa la kawaida ni kuanzia mwisho. Kampuni humwalika mshauri nasaha kwa semina ya siku moja, kisha kesho yake wafanyakazi hurejea kwenye viwango vile vile visivyofikika. Mwongozo wa kimataifa wa ISO 45003, uliotolewa 2021, unataka hatari iondolewe au ipunguzwe kwenye chanzo chake kwanza: kuongeza watu katika zamu, kutoa ratiba mapema, kuwapokeza kwa zamu wanaofanya kazi ya kutisha na kuwafunza wasimamizi. Ushauri nasaha unahitajika pia, hasa kwa waliokwisha kudhurika, lakini hauwezi kuziba pengo la wafanyakazi watatu.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri kulinda usalama, afya na maslahi ya wafanyakazi, na kutathmini hatari zilizopo. Penye watu 20 au zaidi, sharti kuwe na kamati ya usalama, na hakuna linaloizuia kujadili saa za kazi na matusi ya wakubwa sawa na inavyojadili vizima-moto. Sheria ya Ajira ya mwaka huo huo inawataka waajiri wenye wafanyakazi 20 au zaidi kuwa na sera dhidi ya dhuluma za kimapenzi, na inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba.

Mfanyakazi anayeona hatari anapaswa kumwarifu msimamizi wake, ikiwezekana kwa maandishi, na kuhifadhi nakala yenye tarehe. Sheria hiyo ya usalama inakataza kumfuta kazi kwa sababu amelalamika. Malalamishi yakipuuzwa, yanaweza kupelekwa kwa chama cha wafanyakazi, kwa afisa wa leba au kwa Idara ya Usalama na Afya Kazini.