Bukoba: Mawe, Bati na Nyasi

Wenye kuulinganisha mji wa Bukoba wa zamani na wa sasa huanza, karibu wote, penye ufuko wa Ziwa Viktoria. Hapo ndipo Emin Pasha, akiwatumikia Wajerumani, alipoweka kituo mwezi wa Novemba, 1890, na mji ukakua ukiyatazama maji. Reli kutoka Mombasa ilipofika Kisumu mwaka 1901, meli zikawa ndiyo njia ya kutolea ngozi na buni, na maduka yakajipanga kandokando ya njia, yenye baraza mbele na bati juu. Jengo liitwalo Duka Kubwa, la zama za Wajerumani, ni mojawapo ya yale yatajwayo kwanza.

Hiyo ndiyo Bukoba ya picha za kale, na hata hiyo haikukaa salama. Mwezi wa Juni, 1915, majeshi ya Mwingereza yalivuka kwa meli kutoka Kisumu, yakauteka mji, yakaibomoa ngome na kuuangusha mnara wa simu isiyo na waya; nyumba na maduka yakaporwa. Miaka mia moja na mmoja baadaye, tarehe 10 Septemba, 2016, tetemeko la kipimo cha 5.9 liliua watu zaidi ya 15 na kupasua kuta za maelfu ya nyumba. Shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika vibaya, hata ya Ihungo ikabidi ijengwe upya.

Uso wa mji nao umegeuka. Zamani mgeni alishuka gatini. Leo, kwa wengi, mji huanzia kituo cha mabasi. Meli ya MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei, 1996, ikaangamiza mamia ya abiria. MV Victoria ilirudi majini mwaka 2020 baada ya kutengenezwa, lakini sidhani kwamba maduka yatageuka tena kulitazama ziwa.

Hata hivyo nina shaka na ulinganisho wenyewe. Picha hutuonyesha ngome na duka, nasi twasema: hayo ndiyo ya kale. Kumbe wakati kituo kile kilipojengwa, vilima kutoka Kiziba hadi Ihangiro vilikuwa vimejaa nyumba. Kila kibanja cha migomba kilikuwa na msonge wake, ulioezekwa nyasi toka kileleni hata chini, na sakafu yake hutandikwa nyasi zilizokatwa rweya, yaani mbugani. Kikale cha Mukama kilijengwa kwa namna hiyo hiyo, ila kwa ukubwa. Fedha za kahawa zilipoongezeka baada ya Vita Kuu ya Pili, mkulima wa Kishanda, sawa na wenzake wa Maruku au Kanyigo, alipenda bati, wala hatuwezi kumlaumu: nyasi huvuja, na huwaka.

Lakini umri wa msonge haukuwamo katika nyasi; ulikuwamo katika mikono ya waezekaji. Jirani zetu Waganda waliliona hilo. Nyumba ya Kasubi mjini Kampala, iliyojengwa mwaka 1882 ikawa kaburi la Kabaka Mutesa wa Kwanza mwaka 1884, iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Iliteketea tarehe 16 Machi, 2010, ikajengwa tena, kwa kuwa walikuwapo watu wa kuijenga: kazi ya kuezeka ina ukoo wake, Ngeye.

Kwetu, tukihesabu majengo ya kale kwa mawe tu, orodha itaanza mwaka 1890, na mwanafunzi atadhani kwamba hapakuwa na ujenzi kabla ya Mjerumani. Anayetaka kuisahihisha orodha hiyo na aanze kwa waezekaji wazee waliosalia vijijini, kisha aende rweya. Sehemu kubwa ya mbuga hizo imepandwa misonobari na mikaratusi, na chini ya miti hiyo nyasi za kuezekea haziti.