Upepo, Maikrofoni na Helmeti: Historia Fupi

Leo hatuandiki programu, tunasoma historia, na nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilimpakia baba mdogo kwenye pikipiki, tukateremka njia ya Mai Mahiu kuelekea Naivasha. Mzee anaijua barabara ile na hadithi zake zote, kuanzia wafungwa wa vita wa Kiitaliano walioijenga na kuacha lile kanisa dogo la mwaka 1942 kando ya mteremko. Nikafunga kamera kwenye helmeti yake, nikamwambia, "Baba, wewe simulia tu." Akasimulia njia nzima. Jioni nilipofungua faili kwenye tarakilishi nilikuta mngurumo mtupu. Sauti yake ilisikika pale tu tulipokuwa tumekwama nyuma ya malori. Siku hizi magoti hayamruhusu kupanda pikipiki tena.

Nilidhani kuisafisha sauti ile ni kazi ndogo kwa mtu wa programu. Kumbe watu walishajifunza somo hilo zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Kwanza tuelewane jambo moja. Kelele ya upepo haitoki mbali kama mlio wa honi. Hewa ikigonga helmeti huvurugika, ikafanya vimbunga vidogo vidogo, na hivyo ndivyo vinavyousukuma utando wa maikrofoni. Msukumo huo hukua kwa mraba wa mwendo. Ukitoka kilomita 40 kwa saa ukafika 80, unakuwa mara nne, yaani desibeli 12 zaidi. Ndiyo maana video ya mtaani husikika vizuri na ya barabara kuu haisikiki.

Sasa twende kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1915 jeshi la Uingereza lilimpa Lawrence Bragg, mwanafizikia kijana aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka huo huo, kazi ya kutafuta mizinga ya Wajerumani kwa kuisikiliza. Maikrofoni za wakati ule hazikuweza kuushika vizuri mlio mzito wa mzinga. Mwenzake, William Tucker, akiwa amelala kibandani, aligundua kwamba kila mzinga ulipolia, hewa baridi ilimpuliza usoni kupitia matundu ya ukuta. Akatengeneza kifaa chenye waya mwembamba wa platinamu uliopashwa moto kwa umeme. Hewa ikiupuliza waya, unapoa, na umeme unaopita unabadilika.

Lakini kifaa kinachohisi pumzi ya mzinga huhisi na upepo pia. Dawa yao ilikuwa nini? Walizizungushia maikrofoni tabaka za wavu, ule ule wa kufichia zana za vita. Wavu huuvunja upepo nguvu, ila mawimbi ya sauti hupita.

Watu wa filamu na redio walifuata njia hiyo hiyo kwa sifongo, vizimba vya kitambaa na manyoya ya bandia. Kampuni ya Rycote ya Uingereza, iliyoanzishwa mwaka 1969, ilijijengea jina kwa ngao za namna hiyo. Ukimwona mtu wa televisheni ameshika kitu kama paka kwenye fimbo, ujue si pambo.

Kisha tarakilishi zikaingia. Mwaka 1979 Steven Boll wa Chuo Kikuu cha Utah alichapisha njia ya kutoa kelele kwa hesabu: unapima kelele wakati hakuna anayeongea, halafu unaiondoa katika kila masafa. Aliijaribu kwa maneno yaliyorekodiwa ndani ya helikopta. Audacity, programu huria iliyotolewa mwaka 2000, ina zana ya ukoo huo huo. Unaionyesha mfano wa kelele, nayo inaipunguza kwenye faili nzima. Mwaka 2017 Jean-Marc Valin akatoa RNNoise, iliyofunzwa kutenganisha sauti ya mtu na kelele.

Kamera nazo zilikuwa zinakuja. GoPro ya kwanza, mwaka 2004, ilitumia filamu ya milimita 35 na haikurekodi sauti kabisa. Mwaka 2009 ikaja HD Hero, na video za helmeti zikaenea.

Basi kwa nini zana zote hizo zilinishinda? Sababu ni mbili. Kwanza, njia ya Boll hutegemea kelele isiyobadilika sana, na upepo hubadilika kila ukigeuza shingo. Pili, na hii ndiyo kubwa, faili ya biti 16 haiwezi kuandika namba inayozidi 32,767. Nilipoifungua ya kwangu niliikuta 32,767, 32,767, 32,767, mstari baada ya mstari. Upepo ulikuwa umejaza kibaba mpaka juu, na maneno ya mzee yakamwagika nje. Hakuna hesabu ya kurudisha kitu ambacho hakikuandikwa.

Kwa hiyo fuata mpangilio wa historia yenyewe. Tumia maikrofoni ndogo ya waya, iweke ndani ya helmeti karibu na kidevu, ivishe sifongo. Punguza kiwango cha kurekodi ili kilele kisipite desibeli -12. Jaribu kwa dakika mbili, usimame, usikilize, ndipo uendelee na safari. Ukifika nyumbani, kata masafa yaliyo chini ya hezi 150 hivi, maana sehemu kubwa ya upepo iko huko chini. Zana ya kupunguza kelele iwe ya mwisho, tena kwa kiasi, la sivyo mtu ataongea kama yuko ndani ya mtungi.

Mzee nimemrekodi tena, nyumbani, amekaa kwenye kiti. Hadithi ni ile ile. Ila pale kwenye kona ya kanisa aliponyoosha mkono akasema jambo, picha ninayo, maneno sina. Nilimuuliza alisema nini. Hakumbuki.

Sifongo kwanza, programu baadaye. Mwenye swali karibu.