Mkono wa Kushoto wa Violet: Neno na Picha katika Filamu ya Lemony Snicket

Kati ya 1999 na 2006, mwandishi Mmarekani Daniel Handler, akitumia jina la Lemony Snicket, alichapisha vitabu 13 vya watoto chini ya anwani ya jumla A Series of Unfortunate Events. Ni kisa cha yatima watatu wa ukoo wa Baudelaire, yaani Violet, Klaus na kitinda mimba Sunny. Wazazi wao wanafariki kwa moto, na mirathi yao inawindwa na Count Olaf, mwigizaji asiye na kipaji wala haya. Desemba 2004 vitabu vitatu vya kwanza viliunganishwa kuwa filamu moja iliyoongozwa na Brad Silberling kwa mswada wa Robert Gordon, Jim Carrey akiigiza kama Olaf. Filamu hiyo hukumbukwa zaidi kwa sura nyingi za Carrey, na ni haki yake, kwani urembaji wa sura ndio ulioipatia tuzo yake pekee ya Oscar. Hata hivyo, badiliko lake kubwa zaidi limo katika tendo dogo: binti mmoja anatia saini.

Katika kitabu cha kwanza, The Bad Beginning, Olaf anatunga mchezo wa jukwaani ambamo anamwoa Violet, mwenye umri wa miaka 14. Mchezo ni wa uongo, lakini hakimu ni wa kweli na hati ni ya kweli. Sheria inamtaka bibi arusi atie saini kwa mkono wake mwenyewe. Violet, anayeandika kwa mkono wa kulia, anatia saini kwa wa kushoto, na hakimu anaibatilisha ndoa. Hila nzima imejengwa juu ya utata wa fungu moja la maneno: je, mkono huo ni kiungo, ni mwandiko, au ni hiari ya mwandishi? Mfasiri wa Kiswahili angeambulia hapa zawadi asiyokuwa nayo Handler mwenyewe, kwa kuwa katika matumizi ya zamani mkono wa kulia ni wa kuume na wa kushoto ni wa kike. Binti angeokolewa na mkono wake wa kike.

Filamu inaiondoa ndoa mwanzoni na kuipeleka mwishoni, iwe kilele cha visa vyote vitatu. Violet anajaribu hila ileile. Olaf anaiona na kumlazimisha abadili mkono. Uokozi unatoka kwingine. Klaus, akiwa mnarani, anakuta chombo chenye lenzi kubwa ya kukusanya miale ya jua, anatambua kuwa ndicho kilichoiteketeza nyumba yao, kisha anakielekeza kwenye hati ya ndoa na kuichoma. Neno limeshindwa, mwanga umeshinda. Mtu anaweza kusema kwamba sinema, ambayo yenyewe ni sanaa ya lenzi na mwanga, haikuwa na njia nyingine. Hoja hiyo inavutia lakini haitoshi. Kitabuni, watu wazima wema ni wapole na hawana msaada. Mtoto anaokoka kwa kuisoma sheria yao vizuri kuliko wao. Katika filamu anaokoka kwa kuitwaa silaha ya muuaji. Mtazamaji mdogo hapewi tena sababu ya kuamini kwamba kusoma kwa makini ni kinga.

Haimaanishi kwamba filamu inaidharau lugha. Shangazi Josephine, anayeigizwa na Meryl Streep, anahofia karibu kila kitu ila sarufi. Barua yake ya kuaga imejaa makosa ya tahajia ambayo Klaus anayasoma kama fumbo, na makosa hayo yanataja pango alikojificha. Kitabuni, vilio vya Sunny hufasiriwa na msimulizi. Katika filamu hufasiriwa na maandishi chini ya skrini, na vichekesho kadhaa vizuri vya filamu vimo humo. Aliyepunjwa ni msimulizi. Snicket wa vitabuni hukatiza kisa kila mara ili afafanue msamiati, na mara nyingi ufafanuzi wake ni kinaya kinachokata kuliko tukio lenyewe. Katika filamu ni sauti ya Jude Law na kivuli kwenye mashine ya taipu.

Upungufu huo una uzito ukitazamwa katika historia ya utanzu. Katika Struwwelpeter ya Heinrich Hoffmann (1845), na baadaye katika tungo za onyo za Hilaire Belloc (1907), mtoto huumia kwa utundu wake mwenyewe, na ucheshi hutokana na adhabu kuzidi kosa. Handler aliupindua mpango huo: watoto wake wana adabu, nao huumia kwa makosa ya wakubwa. Ucheshi wa namna hiyo unahitaji msimulizi asiyefariji. Filamu, kinyume chake, inafunga kwa barua ya wazazi iliyochelewa kufika, yenye upole ambao vitabu vitatu vile havikuutoa.

Mfululizo wa televisheni wa Netflix, uliorushwa kuanzia 2017 hadi 2019, ulimrudisha Snicket mbele ya kamera, akitembea katikati ya maafa na kueleza maana za maneno. Humo Violet anatia saini kwa mkono wa kushoto, na saini hiyo inambatilishia Olaf ndoa yake.