Vitengeni, Nje ya Maili Kumi

Vitengeni haimo ndani ya maili kumi. Kwa mtu wa Pwani ya Kenya maneno hayo yanatosha kueleza mengi, lakini kwa kijana aliyezaliwa juzi, anayeona tu kwamba ya Malindi na Watamu si ya kwao Vitengeni, yanahitaji ufafanuzi.

Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana Afrika Mashariki, wakamwachia Sultani wa Zanzibar ukanda wa maili 10, yaani kama kilomita 16, kutoka ufukweni kuelekea bara. Mwaka 1895 Uingereza ikaanza kuutawala ukanda huo kwa jina la Sultani na kumlipa kodi kila mwaka. Malindi, Takaungu na Kilifi zikawa ndani. Vitengeni iko upande wa pili wa msitu wa Arabuko-Sokoke, huko ambako minazi hupungua na mibuyu hutawala, kwa hiyo ikabaki nje, yenyewe na jirani zake Ganze na Bamba. Hakuna mzee wa Kigiriama aliyeulizwa.

Mstari ule haukuwa wa ramani peke yake. Ndani yake kulikuwa na Liwali, Mudiri na Kadhi, watu waliosikilizwa na serikali na kulipwa mshahara. Nje yake kulikuwa na Bwana DC na wale aliowateua yeye. Mwaka 1908 ikaja Sheria ya Hati za Ardhi, na hapo ndipo kisa chenyewe kilipo. Ndani ya ukanda, mwenye kudai shamba alitakiwa ajitokeze, alete mashahidi, apimiwe, apewe hati. Waarabu na Waswahili walijitokeza, Wahindi na Wazungu vilevile. Mmijikenda, Mgiriama akiwamo, hakuhesabiwa miongoni mwa wadai. Yeye alikuwa "Mnyika", na mahali pake palisemwa kuwa ni rizavu huko bara, hata kama babu yake alikuwa akilima karibu na bahari tangu zamani. Ardhi isiyodaiwa ikaandikwa kuwa mali ya Serikali ya Uingereza. Kwa hiyo Mgiriama aliyelima ndani ya ukanda akaamka siku moja ni skwota, na nduguye wa Vitengeni akaambiwa ana bahati, kwa kuwa yeye ana rizavu yake. Bahati yenyewe ilikuwa nchi kame, mvua ya kubahatisha.

Hata huko rizavuni hawakuachwa wakapumua. Serikali ilitaka vibarua wa kufanya kazi kwenye mashamba ya Wazungu, na Wagiriama hawakuwa na haja ya ukibarua. Walikuwa na mahindi yao ya kuuza. Mwaka 1912 akatumwa Arthur Champion kuwasimamia. Kazi yake ilikuwa kukusanya kodi ya nyumba, kupata vijana wa kazi, na kuweka wazee wa serikali kila mahali. Hawa wazee wa serikali ndio mwanzo wa upendeleo wa ndani, na kwa maoni yangu haujasimuliwa inavyostahili. Wagiriama walikuwa na kambi, baraza la wazee waliopanda daraja kwa umri na kwa viapo. Sasa mtu angeweza kuwa mkubwa kwa sababu tu mzungu amemwandika kwenye daftari. Jirani yako ndiye akahesabu vibanda vyako, na jirani huyohuyo akaamua ni kijana wa nani aende kufanya kazi na wa nani abaki.

Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, alipozunguka vijijini mwaka 1913 kuwahimiza watu wakatae, hasira yake haikuwa kwa Mzungu pekee. Viapo vilivyoapwa Kaya Fungo, makao matakatifu ya Wagiriama, cha mukushekushe kwa wanawake na cha fisi kwa wanaume, viliwagusa pia wale waliokubali kuwa wazee wa serikali. Yeye na mwenzake Wanje wa Mwadorikola wakakamatwa, wakapelekwa Kisii, wakatoroka Januari 1914, wakarudi nyumbani kwa miguu. Agosti mwaka huo serikali ikalipua Kaya Fungo kwa baruti. Vita vikazuka, nyumba kwa maelfu zikachomwa, mbuzi wakachukuliwa, na mwisho Wagiriama wakatozwa faini ya rupia 100,000 na kutakiwa watoe wanaume 1,000 wa kubeba mizigo ya jeshi. Waliokuwa wakilima ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki, kwenye ardhi nzuri kuliko ya kwao, wakafukuzwa warudi kusini. Warudi wapi? Kwenye ardhi hiihii ya akina Vitengeni ambayo tayari ilikuwa haiwatoshi wenyewe.

Upendeleo ulifika hadi kwenye kura. Tangu miaka ya 1920 Waarabu wa Pwani walikuwa na mwakilishi wa kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria. Waafrika walichagua wao kwa mara ya kwanza mwaka 1957, na Pwani ikamtuma Ronald Ngala, Mgiriama. Ngala akaja kuwa kiongozi wa chama cha KADU na sauti ya utawala wa majimbo. KADU ikavunjwa Novemba 1964, majimbo nayo yakavunjwa, na sheria ile ya 1908 ikaendelea kutumika hadi ilipofutwa mwaka 2012. Maana yake, kwa zaidi ya miaka 48 ya uhuru tulikuwa na bendera yetu na hati za mkoloni.

Haki isemwe: wengi wa Waswahili na Waarabu wa kawaida hawakufaidi kama inavyodhaniwa. Baada ya uhuru wakubwa wa kutoka bara na wa hapahapa walijigawia viwanja vya ufukweni, na Mswahili wa mjini akawa mpangaji kama Mgiriama. Anayemlaumu jirani yake msikitini kwa kosa lililoandikwa ofisini anapoteza muda.

Nenda ukatazame maji, utaelewa ninachosema. Baricho, kwenye mto Sabaki, kuna visima na mitambo inayosukuma maji hadi Malindi, Kilifi na Mombasa. Mabomba makubwa ya maji hayo yanatoka upande huu wa bara. Wakati wa kiangazi, vijijini Ganze, utawaona akina mama na punda wamebeba mitungi ya manjano ya lita 20, wakitafuta dimbwi au silanga lisilokauka. Hotelini Watamu mtu anajimwagia. Hakuna sheria ya 1908 iliyoamuru hivyo. Waliamua wahandisi na wanasiasa wetu wenyewe, na mstari wakaufuata ulipokuwa.

Na ukikaa kwenye baraza la chifu leo, wakati majina ya basari au ya chakula cha msaada yanaposomwa, sikiliza minong'ono. Huyu ni mpwa wa fulani. Yule alipiga kampeni. Huyu hakuonekana mkutanoni. Wazee wa serikali wa Champion wamekufa zamani, lakini daftari lingalipo, na anayelishika bado anachaguliwa kutoka juu.

Sera ya Taifa ya Ardhi ya mwaka 2009 ilikiri kwamba Pwani ilidhulumiwa. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013 ikakiri pia, tena kwa kirefu. Tume ya Taifa ya Ardhi ikapewa kazi ya kupokea malalamiko ya dhuluma za kihistoria, na marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yakaweka muda wa miaka 5 wa kuyawasilisha. Mlalamikaji alihitaji ushahidi, na wa Vitengeni mwingi umo vichwani mwa wazee: nani alilima ng'ambo ya Sabaki, kaburi la nani liko wapi, mwembe huu ulipandwa na nani. Muda huo uliisha Septemba 2021. Hata hivyo, ili ushahidi huo usizikwe naye, mwenye babu aliye hai na amkalishe chini wiki hii, aandike.