Usiku Mmoja Kileleni Cotopaxi: Mlima wa Msafiri na Mlima wa Jirani

Mlima Cotopaxi uko nchini Ekuador, yapata kilomita 50 kusini mwa mji mkuu, Quito. Una urefu wa mita 5,897, karibu sawa na Kilimanjaro, na kama Kilimanjaro una theluji ingawa uko karibu na Ikweta. Tofauti kubwa ni kwamba Cotopaxi ni volkano hai. Insha hii inaeleza jinsi wasafiri wa karne ya 19 walivyoupanda, kisha inauliza kama historia ya mlima inakamilika kwa kuwataja wapandaji peke yao.

Mwaka 1802 mwanasayansi Mjerumani, Alexander von Humboldt, alijaribu kuupanda akashindwa, akasema kwamba kilele hakifikiki. Ilipita miaka 70 kabla ya kauli hiyo kubatilishwa. Tarehe 28 Novemba 1872 Mjerumani mwingine, Wilhelm Reiss, alifika juu pamoja na Ángel Escobar, Mkolombia.

Miaka mitano baadaye mlima wenyewe ulishuka kwa watu. Tarehe 26 Juni 1877 Cotopaxi ulilipuka. Vitu vya moto vilivyomwagika mdomoni viliyeyusha barafu ya miteremkoni, na maji yakachanganyika na majivu na mawe yakawa tope zito lenye kasi. Tope hilo liliharibu mji wa Latacunga upande wa kusini. Upande wa kaskazini lilifuata mabonde na mito mpaka likafika Bahari ya Pasifiki. Watu wengi walikufa, nao hawakuwa wamepanda popote. Walikuwa majumbani na mashambani mwao.

Februari 1880 akaja Mwingereza Edward Whymper, pamoja na waongozaji wawili Waitalia, Jean-Antoine Carrel na Louis Carrel. Hakutaka kufika tu na kurudi. Alitaka kujua mwili wa binadamu unavyostahimili hewa nyepesi, kwa hiyo walipiga hema karibu na kilele wakakaa huko saa 26. Usiku walisikia harufu ya mpira unaoungua: joto la ardhi lilikuwa linalainisha sakafu ya hema lao, huku baridi kali ikiwa nje. Whymper alikwenda pia ukingoni akachungulia shimoni na kuona moto chini.

Julai mwaka uleule, akiwa kwenye mlima Chimborazo pamoja na akina Carrel na Waekuador wawili, David Beltrán na Francisco Campaña, aliona nguzo nyeusi ya majivu ikipanda kutoka Cotopaxi. Baadaye majivu hayo yaliwaangukia wao wenyewe, ingawa walikuwa mbali sana.

Je, tumlaumu msafiri kwa kutafuta sifa mahali wenzake walipofia? Nadhani hapana. Vipimo vyake vilikuwa na faida, na hema lile lilionyesha jambo lililo kiini cha maafa ya 1877: moto na theluji vinakaa pamoja, na umbali kati yake ni mdogo. Wahenga walisema wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi. Hapa fahali ni moto na barafu. Nyasi ni watu wa bondeni.

Kosa liko kwetu tunaoandika historia. Tunahifadhi tarehe ya mtu kufika kileleni, lakini tunasahau tarehe ambayo tope lilifika mlangoni. Mwenzetu aliyekulia Goma au Gisenyi, karibu na Nyiragongo, anajua kwamba jirani wa volkano huhesabu miaka kwa milipuko. Agosti 2015 Cotopaxi ulipoamka tena, upandaji ulisimamishwa. Msafiri aliweza kuahirisha safari yake. Mkazi wa Latacunga hana safari ya kuahirisha, kwa kuwa kwake ni hapohapo.

Kwa kuhitimisha, historia ya Cotopaxi ina tarehe mbili zinazopaswa kufundishwa pamoja, 1872 na 1877. Ya kwanza inatuambia mlima unapandika. Ya pili inatuambia gharama ya kuishi chini yake.